Mshipi Uliochelewa Kufika

Kila asubuhi Isogai alishuka ngazi za nyumba yake kinyumenyume, ameshika ukuta, kama mtu anayeagana na mfalme. Kisigino cha kushoto ndicho kilichomtia adabu hiyo. Usiku kano yake ilikauka kama kamba iliyosahauliwa juani, na hatua nne za kwanza kutoka kwenye godoro zilikuwa za kisu. Ya tano ilikuwa ya wembe. Akifika jikoni imebaki sindano tu, na sindano mtu huizoea.

Mkewe Fumie alikuwa ameshapakua uji wa wali, na katikati ya bakuli ameweka plamu moja ya chumvi, nyekundu kama jicho la mlevi.

"Baba, leo kinasemaje?"

"Kinanung'unika."

"Jana kilikuwa kinapiga kelele."

"Si ndiyo nakwambia tunaenda mbele."

Fumie hakucheka. Alikuwepo siku ile daktari wa mifupa alipokibonyeza kile kisigino kwa kidole gumba na mume wake akaruka kama samaki. Daktari, kijana mwenye miwani, alisema kwa upole sana kwamba kano ya mtu wa miaka sitini na mitatu si mpira wa manati. Kwa nini Mzee Isogai asitembee tu? Kutembea nako ni mazoezi mazuri. Isogai alishukuru, akainama, akatoka nje na fimbo ya kuazima. Alipokata kona ya duka la mchele akakimbia hatua kumi, aone kama daktari amesema kweli. Alikuwa amesema kweli.

Zilibaki wiki tisa kabla ya marathoni ya Tonokawa. Mwaka mwingine wowote angeiacha ipite. Alishaimaliza mara kumi na saba tangu aanze tena kukimbia akiwa na miaka arobaini na mitano, tumbo limemtangulia na kiwanda cha mbao kimemchosha. Medali zake Fumie alizitundika chooni, kwa kuwa ndiko mgeni anakokaa akitazama ukuta. Lakini hii ilikuwa ya arobaini, tena ya mwisho. Mji ulikuwa umezeeka. Watu wa kushika kamba, wa kukata machungwa, wa kusimama njia panda na bendera, kila mwaka walipungua, na waliobaki walihitaji kushikwa wao. Halmashauri ikatangaza: basi, imetosha. Na uwanja wa kumalizia, ule wa shule ya sekondari ya Tonokawa, ungevunjwa majira ya kuchipua pamoja na shule yenyewe. Miaka sita ilikuwa haina mwanafunzi hata mmoja.

Wengine walisikitika, wakaendelea na chai yao. Isogai aliona mlango unafungwa, naye kuna kitu hajakiingiza ndani.

Kitu chenyewe kilikuwa mshipi.

Mwezi wa Novemba mwaka 1978 shule ile ilikuwa na watoto mia nne, bendi ya tarumbeta, na vijana sita wa mbio ndefu waliokwenda kukimbia mbio za kupokezana mshipi za wilaya. Mshipi wao ulikuwa wa rangi ya zambarau, na jina la shule limeshonwa kwa uzi mweupe na mama zao. Unavaliwa kifuani kimshazari, kutoka bega hadi nyonga. Ukikaribia kituo unauvua, unaukunja mkononi, unamkabidhi mwenzako akiwa ameshaanza kukimbia. Mtu wa kwanza mpaka wa sita, jasho la wote linaingia kwenye kitambaa kimoja. Ukiuinua unanuka kama zizi, na hakuna aliyetaka ufuliwe kabla ya siku ya mashindano.

Nukaga Morio alikuwa wa tano. Isogai alikuwa wa sita, wa kuumalizia nyumbani, kwenye uwanja wao wenyewe, mbele ya shule nzima.

Sheria ya mbio hizo haina huruma, maana barabara ni ya watu wote na haiwezi kufungwa siku nzima. Timu ya kwanza ikishapita kituoni zinahesabiwa dakika kumi. Zikiisha, bastola inalia, na wale ambao wenzao hawajafika wanavalishwa mshipi mweupe wa waandaaji na kuambiwa nendeni. Mshipi wa shule yako unabaki nyuma yako barabarani, kifuani kwa mtu anayekuja.

Nukaga alikuwa na muda. Wote walijua alikuwa nao. Lakini kabla ya kituo palikuwa na kivuko cha reli, na alipofika pale kengele ikaanza kulia na mti wa kuzuia njia ukaanza kushuka. Vijana wawili wa shule nyingine wakainama, wakapita chini yake. Nukaga akasimama. Alisimama ametulia, mikono ubavuni, kama alivyofundishwa tangu akiwa na miaka minne, akaingojea treni ya mabehewa mawili iliyokuwa na abiria saba. Ikapita. Mti ukainuka. Akakimbia.

Isogai alimwona akitokea konani. Hilo ndilo lililomkaa. Kama asingemwona, yangekwisha. Alimwona, mshipi ameshauvua, ameushika kwenye ngumi na mkono umenyooshwa mbele kama anayemnyooshea mtu taa. Bastola ikalia. Mtu mzima akamsukuma mgongoni: "Nenda!" Akaenda, na kile kitambaa cheupe kikimpigapiga kifuani kama bandeji.

Jioni, kwenye chumba cha kubadilishia nguo, mwalimu alisema, "Nukaga kafanya sawa. Treni ni treni." Isogai, wa miaka kumi na saba, akasema: "Wenzako walipita. Na wewe ungepita tu."

Maji yakimwagika hayazoleki. Nukaga aliukunja mshipi mara nne, akautia mfukoni, na tangu siku hiyo hakukimbia tena, hata kuwahi mvua.

Alirithi hamamu ya baba yake, ile yenye bomba refu la moshi karibu na daraja, na kwa miaka arobaini na mitano Isogai alioga pale mara tatu kwa wiki. Walizungumza habari za besiboli, vifo vya wazazi, watoto waliohamia Osaka na kurudi wakiwa wanene. Habari ya mshipi haikutajwa hata siku moja.

*

"Vua. Ingia. Usiniletee sura ya kuomba," alisema Nukaga.

Ilikuwa saa nane mchana, saa nzima kabla ya kufungua milango. Nukaga alipata habari za kisigino kwa njia ya kawaida ya mji ule, yaani Fumie alimwambia muuza jibini ya soya. Siku ya pili yake alisimama mlangoni kwa Isogai amekunja mikono, akasema kama anafokea mwizi: njoo kila siku saa nane, maji ya kwanza, kabla vikongwe hawajayachafua.

Dawa ilikuwa moja: dakika mbili kwenye maji ya moto mpaka mguu uwe mwekundu, dakika moja kwenye birika la maji ya kisima, mara saba. Nukaga alisimama juu yake na saa ya ukutani ameishusha, ameishika mikononi.

"Toka."

"Bado sekunde kumi."

"Nimesema toka. Mwili wako haujui hesabu, mimi najua."

"Katili wewe."

"Na wewe una miguu ya korongo na akili ya korongo."

"Korongo anaishi miaka elfu."

"Kwa sababu hakimbii marathoni! Ingia kwenye baridi. Mpaka gotini. Mpaka gotini nimesema, wewe mtoto wa nani?"

Baada ya hapo Isogai alipanda kwenye kipago cha mbao, pale watu wanapovulia viatu, akashusha kisigino chini ya ukingo polepole, kumi na tano, apumzike, kumi na tano tena. Wiki ya kwanza alilia machozi. Ya pili machozi yakakauka. Ya tatu akaanza kutembea ukingo wa mto alfajiri, mguu mmoja baada ya mwingine, akipita nyumba zenye figili zimetundikwa mitini zikauke, nyeupe kama miguu ya watoto wanaobembea. Alihesabu nguzo za umeme: kumi za kutembea, moja ya kukimbia. Halafu nane na mbili. Halafu tano na tano.

Alipita njia zilezile alizopita na wenzake watano. Wakati ule Nukaga ndiye aliyetangulia daima, mwembamba, masikio yamesimama, akiimba matangazo ya biashara ya redioni kuwakera walioishiwa pumzi. Nyuma ya ghala la mpunga walikuwa wakisimama kunywa maji ya bomba ya mkulima mmoja, na mkulima alikuwa akitoka na ufagio kuwafukuza, na siku walipoacha kupita akaja shuleni kuuliza kama wameugua. Bomba bado lipo. Isogai alikunywa, akatazama mlangoni. Hakuna aliyetoka na ufagio.

Wiki ya tano alijisikia kijana. Hiyo ndiyo hatari ya kupona. Akaenda kilomita ishirini na tano badala ya kumi na tano, akarudi anachechemea kama mbuzi aliyepigwa jiwe. Siku kumi zikapotea. Fumie alivichukua viatu vyake vya mbio akavificha ndani ya pipa la mchele, na Isogai hakuthubutu kuuliza, maana alikuwa anaona mkewe akichota mchele kwa hasira.

Ndipo, katikati ya zile siku kumi, akiwa na mguu kwenye maji baridi, alisema:

"Nukaga. Ule mshipi unao?"

Nukaga alikuwa anapanga ndoo ndogo za kuogea, moja juu ya nyingine kama piramidi. Hakugeuka.

"Mshipi gani?"

"Unaujua."

"Niliutupa. Toka, dakika imekwisha."

Haikuwa imekwisha. Ilikuwa mara ya kwanza Nukaga kukosea hesabu.

Siku nane zilipita. Isogai hakurudia swali. Kisha mchana mmoja, alipokuwa anavaa soksi, Nukaga alikwenda kwenye makabati ya viatu ya wateja, yale yenye funguo za vibao, akafungua namba tano. Namba hiyo kila mteja aliikuta imefungwa, na watu walidhani kitasa kimekufa. Akatoa kitu kilichofungwa kwa gazeti lililogeuka rangi ya chai.

"Sitaki kusikia habari zake," alisema. "Ufikishe tu."

Mshipi ulikuwa umepauka, zambarau imekuwa kama kovu la zamani, lakini nyuzi za akina mama zilikuwa zimeshika zote. Isogai aliupokea kwa mikono miwili. Kulikuwa na neno alilotaka kulisema. Likafika kwenye meno, likarudi.

Akasema, "Siku hiyo utakuwa wapi?"

"Pale pale. Geti la tano, kwenye kiwanda cha mchuzi wa soya. Nashika kamba."

Geti la tano lilikuwa kwenye kilomita ya thelathini na nane, na ndipo kilipokuwa kile kituo cha 1978. Kila geti la marathoni lina saa yake. Saa ikifika kamba inavutwa, na aliye upande wa nyuma anapanda basi. La tano hufungwa saa nane kasoro dakika kumi.

"Nikichelewa?"

"Nitaivuta."

"Najua."

"Basi usichelewe, mpumbavu wewe," alisema Nukaga, na kwa mara ya kwanza mwaka ule akacheka.

*

Isogai alipiga hesabu zake kwa penseli nyuma ya kalenda. Mbio zinaanza saa mbili na nusu asubuhi. Akienda dakika nane kwa kilomita, atafika geti la tano akiwa na dakika kumi na sita za akiba. Kisigino kitaruhusu dakika nane. Aliijaribu hiyo dakika nane kwa wiki mbili za mwisho, akiitunza kama yai. Siku ya mbio Fumie alivitoa viatu kwenye pipa, akakung'uta punje tatu za mchele zilizokuwa ndani, akavipanga mlangoni vikitazama nje. Mshipi Isogai aliuvaa chini ya fulana, kimshazari, kwenye ngozi.

Kisigino kilifanya kazi yake. Ni lazima lisemwe hilo, kwa kuwa baadaye mji mzima ulikilaumu. Kilichomharibia ni adabu.

Kwa kuwa ilikuwa mara ya mwisho, kila nyumba njiani ilitoa meza. Miaka mingine walitoa machungwa na maji. Mwaka huo walitoa kila kitu: matonge ya wali, figili za chumvi, chai ya shayiri, maharage matamu, mpaka samaki mkunga mmoja wa kuchoma aliyekatwa vipande. Na nyuma ya kila meza mtu anayemjua.

"Isogai! Asante kwa miaka yote!"

"Ah, asanteni nyie!"

Ungepita vipi? Mwanamke aliyekukatia machungwa mara kumi na saba, anainama mpaka paji linagusa meza, wewe upite na kupunga mkono kama waziri? Alisimama. Aliinama. Alikula. Alisifu. Na kila aliposimama, kano ilijikaza upya, zikaanza tena zile hatua nne za kisu, ya tano ya wembe. Kwenye kilomita ya kumi na mbili alikuwa na dakika kumi na tatu za akiba. Kwenye ya ishirini, tisa.

Kwenye ya ishirini na tisa alikaa Bi Toyo, mwenye miaka tisini na mmoja, mjane wa yule mkulima wa bomba. Alikuwa kwenye kiti cha magurudumu, na mapajani ana bakuli lenye mfuniko.

"Supu ya miso," alisema. "Nimekutilia kome. Nimeamka saa kumi."

"Bi Toyo, nitachelewa."

"Kunywa. Hamkunywa maji yangu?"

Alikunywa. Ilikuwa ya moto. Alipuliza, akanywa, akaungua ulimi, akasema haijapata kutokea supu kama hii. Bi Toyo akasema mumewe aliwapenda, ule ufagio ulikuwa mchezo tu. Isogai akarudisha bakuli kwa mikono miwili na mfuniko juu. Alipoondoka zilibaki dakika tatu.

Kuanzia hapo alijifanya kiziwi. Alikimbia akitazama lami, akisema "samahani, samahani" kwa kila meza, na aibu ikimchoma kuliko kisigino. Meza alizikwepa, lakini mguu nao ulishachoka kusamehe. Dakika nane ikawa nane na nusu. Alipoona bomba la moshi la kiwanda cha soya mbali mbele yake, na harufu ya maharage yaliyochachuka ikamjia puani kama zamani, alitazama saa ya mkononi: atafika. Kwa dakika nusu, lakini atafika.

Halafu akafika kwenye kivuko cha reli.

Reli zilikuwa zimeng'olewa miaka kumi na miwili nyuma. Ule mti wa kushuka hakuna, kengele hakuna. Kimebaki kibao cha msalaba cha manjano na nyeusi ambacho hakuna aliyeona umuhimu wa kukiondoa, na pande zote mbili njia ndefu ya majani makavu inayokwenda mpaka milimani. Isogai alisimama. Hakuamua kusimama. Miguu ilisimama yenyewe, mikono ikakaa ubavuni. Akatazama kulia. Akatazama kushoto. Upepo ulipita kwenye majani, mrefu, kama mabehewa mawili. Akaungoja uishe, kisha akavuka.

Alipokata kona alimwona Nukaga. Amevaa buti za mpira na koti la njano la waandaaji, ameishika kamba kwa mikono miwili. Kando yake mtu wa halmashauri mwenye kipaza sauti alikuwa anahesabu, na sauti yenyewe ilikuwa inaomba radhi: "Kumi... tisa... nane..."

"Isogai! Miguu! Miguu!" alipiga kelele Bi Sanada, jirani yao, aliyekuwa anagawa maji.

Isogai aliupenyeza mkono chini ya fulana, akauvua mshipi akikimbia, akaushika kwenye ngumi. Nukaga aliuona. Uso wake ukawa mweupe kama karatasi.

"Mbili... moja."

Nukaga aliivuta kamba.

Isogai alifika, kamba ikamsimamisha kifuani. Kilichosikika ni pumzi zake tu.

"Sekunde tisa," alisema Nukaga.

"Nilisimama kwenye reli," alisema Isogai.

"Reli gani? Ziling'olewa zamani."

"Najua."

Kidevu cha Nukaga kikaanza kufanya mambo yasiyofaa kwa mtu mzima mwenye koti la halmashauri.

"Ulifanya sawa siku ile," alisema Isogai. "Nami niliropoka. Nilikuona unakuja, nikaona wamekunyang'anya nafasi, nikatafuta wa kumlaumu, nikakukuta wewe. Nisamehe."

"Nimeshasahau."

"Mwongo. Kabati namba tano."

"Basi sijasahau. Panda basi, utapata baridi."

Isogai hakupanda. Aliunyoosha mkono wenye mshipi juu ya kamba.

"Pokea."

"Nini?"

"Mtu wa kumalizia ni wewe sasa. Mimi ndiye niliyechelewa."

"Isogai, mimi nimevaa buti! Sijakimbia tangu... Nina miaka sitini na mitatu!"

"Mimi je, nina kumi na miwili?"

"Mbio zimefungwa. Barabara inafunguliwa."

"Kuna njia ya miguu pembeni. Nani amekataza mtu kupita njia ya miguu?"

"Nukaga," alisema Bi Sanada, akiweka jagi chini, "kama huendi nipe mimi, na goti langu moja ni la chuma."

Nukaga aliikabidhi kamba kwa yule mtu wa halmashauri. Akavua koti la njano, kwa sababu mtu hawezi kuwa kazini na huku anakimbia, akalikunja vizuri, mikono ndani, akaliweka juu ya meza. Kisha akauvaa mshipi, bega hadi nyonga, juu ya sweta la kijivu. Akasafisha koo kama anayetaka kuhutubia. Akaanza. Pwa, pwa, pwa, zilisema buti.

*

Basi la waliochelewa lilikuwa la joto na kimya. Wanambio kumi na tano wamejifunika mablanketi, kila mmoja anatazama magoti yake. Isogai aliketi dirishani, na karibu na posta dereva akapunguza mwendo.

Kwenye njia panda taa ya wapita kwa miguu ilikuwa nyekundu. Nukaga amesimama ukingoni, anarukaruka pale pale, uso umeiva kama kamba wa kuchemsha, mshipi umemteleza.

"Yule mzee vipi?" aliuliza msichana wa kiti cha nyuma.

"Anangoja taa."

"Lakini hakuna gari."

"Hakuna," alisema Isogai, na akageukia dirisha, maana uso wake haukuwa wa kuonyesha watu.

Uwanjani walishaanza kufungasha. Lile tao kubwa la upepo lilikuwa linalala taratibu kama ng'ombe, na vijana wa halmashauri walikunja mabango. Ilikuwa saa tisa kasoro robo. Madirisha ya shule yote yalikuwa matupu, ghorofa tatu, yale yale ambayo zamani yalijaa vichwa na tarumbeta. Chini, kwenye vumbi, mstari wa chokaa bado ulikuwepo.

Isogai alikwenda akasimama juu yake.

"Mzee, tumefunga," alisema kijana mmoja, kofia mkononi. "Tunaomba radhi sana."

"Fungeni tu, mwanangu. Mimi namngoja mtu."

Alisimama pale alivyosimama akiwa na miaka kumi na saba, mabega yamegeuka nusu, mkono wa kulia nyuma, macho kwenye lango. Vidole vilikuwa vya baridi, kama siku ile. Alitega sikio kusikiliza nyuma yake, kwa mazoea, ule mlio wa bastola. Kulikuwa na meza tu zinazokunjwa, na mtu anayeuliza funguo za gari ziko wapi.

Dakika tano. Nane. Hakuna aliyemsukuma mgongoni.

Kwanza zilisikika buti. Kisha Nukaga akatokea langoni, mdogo, ameinama upande mmoja, masikio yamesimama. Hatua thelathini kabla ya mstari, kama walivyofundishwa, aliuvua mshipi. Akaukunja kwenye ngumi. Akaunyoosha mkono.

Isogai aliupokea. Ulikuwa umelowa. Aliupitisha kichwani, ukakaa bega hadi nyonga, akamshika Nukaga kwapani, kwa sababu mtu yule alikuwa anaanguka, na wakauvuka mstari wa chokaa pamoja, mguu mbovu na buti mbovu.

Wakageuka. Wakaitazama barabara iliyowaleta, wakaiinamia, kama kila mwanambio wa mji ule alivyoiinamia kila mwaka. Nukaga alikawia kuinuka.

"Umekwama?" aliuliza Isogai.

"Mgongo. Ngoja... Kuna taa tatu njiani."

"Zote nyekundu?"

"Zote."

"Nilijua."

Nukaga aliinuka taratibu, akashika kiuno. Akakitazama kisigino cha mwenzake, kilichovimba juu ya kiatu kama mkate.

"Kesho saa nane," alisema. "Usije umechelewa."

"Na wewe utaingia kwenye yale maji ya baridi?"

"Mimi?" Nukaga aliitazama miguu yake ndani ya buti. "Tutaona. Shika saa wewe."